Kisima cha Mama na Mfereji wa Mgodi

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni haya kusema hivyo. Nimefanya kazi miaka mingi Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, na huko nilijifunza kwamba maji hayapindi yenyewe. Maji hufuata mkondo, na mkondo huchimbwa na mtu mwenye haja yake. Ukikuta bwawa lako la chumvi limekauka na la mwenzako limefurika, usimtafute shetani, mtafute aliyeshika jembe. Hiyo ndiyo elimu niliyorudi nayo nyumbani, pamoja na visigino vilivyopasuka.

Nyumbani kwetu ni bara ya Kilifi, kule vilimani ambako lami imekatika na wenye bodaboda huanza kulalamika kabla hujapanda. Kwa miaka kadhaa kampuni moja ilichimba madini ya manganizi kwenye kilima kilicho juu ya shamba letu. Palikuwa na kijito pale, kijito cha msimu, kinachojaa mvua ikinyesha na kukauka ikikoma. Kampuni ilipotaka kuchimba mahali kijito kilipopita, ilikisukuma kando kwa mfereji uliochongwa ovyo, na tangu hapo kila masika kijito kikawa kinatafuta njia yake katika mashamba ya watu. Kisha madini yakaisha, au faida ikaisha, sijui. Tukaambiwa mgodi umefungwa, na sheria inawataka wenyewe waiponye ardhi kabla ya kuondoka: wafukie shimo, wapande nyasi na miti juu ya vilima vya vifusi, na wakipe kijito njia ya kueleweka.

Shaka yangu ilikuwa hapo kwenye njia. Maji ya kilima kile ni ya aina mbili. Yanayotoka juu, kabla hayajafika mgodini, ni safi. Yanayoteremka kwenye vifusi yana rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, na ladha ya msumari. Kazi yote ya mifereji ni kuyatenganisha. Mfereji wa juu uyachukue maji safi na kuyazungusha hadi kijitoni, na mfereji wa chini uyachukue machafu na kuyapeleka katika bwawa, yakae humo mpaka matope yazame. Yakichanganyika ni kazi bure. Na mahali pa kuchanganyika, iwapo mtu angekosea au angekosesha kwa makusudi, palikuwa kisimani kwa mama.

Kisima kile alikichimba baba kwa mikono yake. Baba alipokufa na sisi watoto tukatawanyika, mmoja Malindi, mwingine Mombasa, mimi Gongoni, tulimsihi mama ahame akakae na mmoja wetu. Alikataa, na sababu aliyoitoa ni hiyo moja tu, kwamba hawezi kunywa maji ya mtu mwingine. Nilijua kisima kikiharibika itabidi aondoke, na nilijua mama akiondolewa pale hatadumu. Niliogopa jambo hilo kuliko nilivyowahi kuogopa njaa. Ndiyo maana niliposikia habari za mifereji niliacha chumvi nikarudi nyumbani, bila hata kutuma salamu za kutangulia.

Kampuni iliitisha mkutano uwanjani pa shule. Injinia aliyeletwa alikuwa mwanamke kijana kutoka Nairobi, amevaa viatu virefu vya mpira ingawa jua lilikuwa kali. Alitupa shikamoo zetu vizuri, akatundika ramani, akaeleza mfereji utapita wapi. Mama akainua mkono.

"Mwanangu, hayo maji umeyafunza? Umeyaambia kwangu yasipite?"

Watu wakacheka. Injinia naye akatabasamu. "Hiyo ndiyo kazi ya mfereji, mama."

"Mfereji huchimbwa na mtu," mama akasema, "na mtu huambiwa na watu."

Akaketi. Mnaona wenyewe kwamba hii shaka sikuiokota njiani, nimeinyonya.

Walipouliza nani anajua kazi ya mifereji, nikainua mkono mimi. Nikaajiriwa papo hapo. Kazi yangu ingekuwa kufuatana na dereva wa tingatinga na kikundi cha vibarua wa kupanga mawe, nihakikishe mfereji unafuata vigingi vya injinia, na mvua zikianza niuzungukie na kuuzibua. Nilifurahi sana, kwa kuwa nilikuwa nimepata mahali pa kuwachunga wezi nikiwa ndani ya nyumba yao. Nilipogeuka kumtafuta mama nimwambie, alikuwa amekwisha kuondoka. Nikadhani ni jua.

Nilianza kazi kwa kukusanya ushahidi. Niliuzunguka mpaka wa shamba letu na simu yangu, nikapiga picha kila pembe, minazi, muhogo, kisima, ili siku wakisogeza kitu niwe na cha kuwaonyesha. Nilimchukua dereva wa tingatinga nikamtembeza mpakani: hapa ndipo shamba letu linapoishia, pale ni kwa jirani. Dereva alikuwa mtu wa bara ya mbali, mpole, mwenye Biblia ndogo juu ya dashibodi ya mashine yake. Mama alikuwa akitutazama kutoka mlangoni, leso mabegani.

"Unapiga picha za nini?" aliniuliza siku moja.

"Za kazi, mama."

"Kazi ya nani?"

"Ya kampuni. Lakini mimi najua ninachofanya."

"Haya," akasema.

Majuma hayohayo niliona kago jipya, kinga ya shamba, limetundikwa kwenye mkanju wa pembeni, ule mkorosho mzee unaotenganisha shamba letu na la jirani. Lilikuwa furushi dogo la kitambaa cheusi na chekundu, na chini yake ganda la koa likining'inia. Mgeni anaweza kulipita akidhani ni takataka zilizonaswa tawini. Mtu wa kwetu hulizunguka kwa mbali, kwa sababu kago la shamba humdhuru mwizi, na hakuna anayetaka kulithibitishia kwamba yeye si mwizi.

"Wezi wa nazi wamerudi?" nikamuuliza mama.

"Wezi wapo siku zote."

Sikuuliza zaidi. Kago haliulizwi, anayelifunga hunuia, na alichonuia ni siri yake. Moyoni nilifurahi kwamba mama naye yuko macho.

Kazi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Mfereji wa juu ulichimbwa, ukapangwa mawe, ukafika kijitoni bila kasoro. Tulipouanza ule wa chini, nikapata habari ya msiba Takaungu, upande wa mke wangu, nikaenda matangani. Niliporudi nilikuta mfereji umepinda.

Vigingi vya injinia vilikuwa vimesimama mstari mmoja, vikipita kando ya mkanju ule wa pembeni na kuelekea bwawani. Mfereji ulivifuata vizuri, halafu, kabla ya kuukaribia mkanju, ukaviacha vigingi ukageuka chini, ukapita mteremkoni juu ya kisima cha mama, kisha ukarudi tena kwenye mstari wake mbele kule. Nikamwendea dereva.

"Kaka, mbona umepinda hapa? Vigingi viko kule."

"Kule ardhi ni ngumu."

"Ngumu vipi? Kule mchanga, huku mchanga."

"Niliambiwa nipite hapa."

"Na nani?"

"Niliambiwa tu, mzee." Akapanda kwenye mashine yake akaiwasha, na mazungumzo yetu yakamezwa na moshi.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Mwenye macho haambiwi tazama. Ng'ambo ya mkanju ule ilianza mikanju ya jirani yetu mwenye duka, mtu aliyehamia kutoka Malindi, na mfereji kama ungenyooka ungekata pembe ya shamba lake. Sasa mikanju yake ilikuwa salama, na hatari yote imehamia kwa mjane. Nikakumbuka kwamba dereva alikuwa akinywa chai kutoka kwenye chupa ya jirani kila asubuhi, na mahamri juu yake. Nikakumbuka vibarua wananyamaza nikikaribia. Kuna mama mmoja kati yao aliyekuwa akinitazama kwa huruma, na huruma ya mtu anayejua jambo usilolijua inaudhi kuliko tusi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

Nilikwenda dukani kwa jirani. Alikuwa akipima sukari.

"Asalaam aleikum."

"Waleikum salaam, jirani. Karibu."

"Naona mikanju yako imepona."

"Alhamdulillahi."

"Mfereji umeihurumia. Sijui imeupa nini."

Akaacha kupima. Akaziba mdomo wa gunia. "Jirani, wallahi mimi sikuupinda mfereji ule."

"Basi kaupinda nani?"

"Kamuulize mamako."

"Mama yangu hana tingatinga."

"Sikusema anayo."

Niliona ananidharau, tena anamtia mama yangu mdomoni mbele ya wateja. Nikatoka bila hata kuuchukua unga nilioagizwa. Kwa siku kadhaa nilimpita jirani yule njiani kama ninavyopita jiwe, na mke wangu aliponipigia simu nikamweleza njama yote, nani kamwambia nani nini. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia najua.

Ndipo ikanyesha mvua moja ya mchana, wala haikuwa mvua ya kutajwa. Lakini maji hayapendi kona. Yalipofika pale mfereji ulipopinda yaligonga ukingo wa nje, yakaanza kuula, na ulimi wa maji ya rangi ya chai ukatoka ukajipenyeza katikati ya muhogo. Mimi na vibarua tulikimbilia na magunia ya mchanga. Niliteremka mbio kuelekea kisimani nikamkuta mama amekwisha kufika, ameinama na jembe, anapandisha udongo kuzunguka kisima. Maji yalikuwa yamesimama hatua chache kutoka miguuni pake.

"Ndiyo kazi uliyotumwa?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Mama, nitaunyoosha."

"Kumbe waweza kuunyoosha." Akatia udongo mwingine. "Anayeweza kunyoosha aweza kupinda."

Nilidhani ni uchungu wa mvua unaosema. Nikampigia injinia.

Injinia alikuja, akaufuata mfereji kwa miguu mpaka penye kona, akaangalia ramani, akaangalia vigingi, akakasirika kwelikweli. Masika yalikuwa karibu, mawingu yalikuwa yanaonekana kwa macho. Akasema mvua mbili kama ile zikija, ukingo wote utakwenda na kisima kitakwenda nao. Akamwamuru dereva aunyooshe siku ile ile. Dereva akatazama viatu vyake.

"Nipeleke kazi nyingine, madam. Hapo siwezi."

"Kwa nini?"

"Pale kwenye mti pana kitu."

"Kitu gani?"

"Mimi ni mtu wa kanisa, hayo mambo siyaamini. Lakini mashine si yangu, na watoto ni wangu. Hawa wenyeji ndio walioniambia nisipakaribie."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kwa hasira na kwa nafuu pamoja. Kumbe njama yote niliyoijenga, jirani na chai yake na mahamri yake, haikuwapo! Ni kago tu!

"Hilo ni la wezi wa nazi!" nikawaambia. "Nani kati yenu ameiba nazi zetu? Basi mnaogopa nini?"

Hakuna aliyecheka nami. Yule mama mwenye huruma akasema polepole, "Kaka, liache. Muite mwenyewe alitoe."

"Mimi ni mwana wa nyumba ile. Kago la mama yangu litanifanya nini?"

Akajifunika mdomo kwa leso. Ningepaswa kumsoma pale, lakini nilikuwa nimekwisha kuanza kwenda. Nilifika kwenye mkanju, vibarua wakinifuata kwa mbali pamoja na dereva na injinia. Mama alikuwa kisimani akiteka maji. Nilinyoosha mkono tawini.

"Usiliguse!"

Ndoo ilianguka. Mama alikuwa anapanda mteremko mbio, mama ambaye siku hizi hutembea akishika kiuno. "Usiliguse! Mtu yeyote aliguse, wewe usiliguse!"

Mkono wangu ulibaki pale ulipo. Kago la wezi wa nazi halimdhuru mwenye nazi. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Nikawatazama vibarua, nao wote walikuwa wanatazama chini, na ndipo nilipoelewa kwa nini walikuwa wakinyamaza nikikaribia, na kwa nini jirani alinituma kwa mama. Kijiji kizima kilikuwa kimeshang'amua. Nani angemwambia mtu kwamba mamake mzazi amemfungia kago?

"Ulimnuia nani, mama?"

Alikuwa anahema. Akaikaza leso yake kifuani.

"Ulikuja bila kuitwa," akasema. "Ukaingia kazi kwa watu wa mgodi siku ile ile. Ukampimia mtu wa tingatinga mpaka wetu, ukapiga picha minazi ya baba yako na kisima chake. Wenzangu wangapi watoto wao walianza hivyohivyo, wakauza ardhi, na leo wanakaa kwa kuhurumiwa? Ningemnuia nani mwingine?"

"Mimi nilikuwa nalinda kisima chako!"

"Na mimi nilikuwa nakilinda."

Niliumia. Nimeshaitwa mwizi Gongoni na watu wasionijua, nikawarudishia maneno yao nikalala usingizi. Hili lilitoka kwa mama. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba ushahidi aliokuwa nao juu yangu ulikuwa mzuri kuliko ule niliokuwa nao juu ya jirani.

Mama alirudi kisimani, akateka maji kidogo, akayatia kinywani. Akaja mpaka chini ya mkanju, akayapuliza kwenye lile furushi, akasema maneno yake kwa sauti ya chini na kulifungua kwa vidole vyake mwenyewe. Lilimchukua muda, maana alikuwa amelifunga kwa nguvu. Dereva alivua kofia. Injinia alijifanya anatafuta kitu kwenye simu. Mimi niliambiwa nisimame mbali, na nikasimama mbali. Mama alilifunga kago katika pindo la leso yake, akaenda nalo nyumbani, asimtazame mtu.

Mfereji ulinyooshwa. Tingatinga lilipita kando ya mkanju lisife wala lisizimike, vibarua wakapanga mawe haraka haraka, kona ya zamani ikafukiwa na kushindiliwa. Mikanju kadhaa ya jirani ilikatwa pembeni, naye alisimama akitazama. Nilimwendea nikampa mkono. Akaupokea, akaniambia tu nikachukue ule unga wangu, bado ameuweka.

Masika yakaja kwa hasira. Nilikuwa nje kila mvua ilipopungua kidogo, na jembe begani, nikitembea kutoka mfereji mmoja hadi mwingine, nikitoa matawi na matope. Maji safi yalizunguka juu yakaenda kijitoni, machafu yakashuka moja kwa moja bwawani, na kati yao shamba letu likabaki na maji ya mbinguni peke yake. Kila mara nilipogeuka nilimwona mama mlangoni, akinitazama. Sikujua anatazama mvua au ananitazama mimi.

Mvua ilipokatika asubuhi moja na jua likatoka, tulikwenda kisimani pamoja. Aliteremsha ndoo mwenyewe, akaipandisha, akaiweka ukingoni. Maji yalikuwa meupe, mpaka kutu ya chini ya ndoo ilionekana.

"Mama," nikasema, "sikuja kuuza. Siuzi."

"Nimekusikia."

Akachovya kata katika ndoo.

Kwetu mgeni akipewa kinywaji, mwenyeji hukionja kwanza mbele yake, ili mgeni asishuku kwamba kimetiwa kitu. Mtoto wa nyumbani haonjewi, hupewa akanywa. Mama aliinua ile kata, akanywa fundo moja huku ananitazama machoni, kisha akanipa.

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikanywa.